Sura ya Sita: Ufunguo wa Kabati la Tisa

Matroni Getruda Sanga hakumkaribisha Sajenti Conjesta Haule kiti. Alimwacha amesimama mbele ya meza kama mwanafunzi aliyechelewa kuhesabu namba, akaendelea kusaini karatasi zake moja baada ya nyingine, taratibu, kwa kalamu ya wino wa bluu. Conjesta alivuta kiti mwenyewe akaketi.

"Sijakwambia ukae," matroni alisema bila kuinua kichwa.

"Najua. Ningesubiri uniambie ningezeekea hapa."

Nje upepo wa Makambako ulikuwa unapiga mabati ya Hospitali ya Mlima Tulivu tangu alfajiri, na mle ofisini kulikuwa na hita ya umeme iliyoelekezwa miguuni kwa mwenye ofisi tu. Conjesta alikuwa ametoka Njombe mjini na pikipiki ya kazi, vidole vimekufa ganzi. Mkuu wake, Afande Basil, alikuwa amemtuma kulifunga jalada, si kulifungua. Mtuhumiwa alikuwa ameshakamatwa, kithibitisho kimeshapatikana, na kesho asubuhi jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Kazi ya kunywa chai, alisema Basil. Conjesta hakuzipenda kazi za kunywa chai. Katika miaka yake yote ya upelelezi, alikuwa hajaona mtu akifungwa kwa haki kwa sababu wakubwa walikuwa na haraka.

"Nisimulie upya," alisema.

"Nimeshaandika maelezo."

"Nimeyasoma. Sasa nataka kuyasikia."

Matroni aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye sweta la bluu lililopigwa pasi hadi mikunjo inaonekana.

"Yule binti Erica Mlowe ni mwizi. Ana mwezi mmoja hapa. Alitakiwa alipie gharama zake za kuanza kazi, hakulipa hata senti. Nikamvumilia. Jumatatu katoni ya dawa ya usingizi ikapotea stoo ya chumba cha upasuaji, dawa ambayo wahuni wa mjini wanainunua kwa bei yoyote. Nikawakusanya manesi, tukafungua makabati mbele ya mashahidi. Katoni tukaikuta kabati la tisa. La kwake. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli."

"Mlilifungua na nini?"

"Ufunguo wa akiba. Ninao mimi." Mkono wake ulishuka, ukashikashika mfuko wa kulia wa sweta.

"Gharama zenyewe ni zipi?"

"Sare. Vipimo vya afya. Kitambulisho. Mafunzo elekezi. Kabati. Kila mwajiriwa mpya analipa. Ni utaratibu."

"Yaani anailipa hospitali ili aifanyie kazi hospitali."

"Anajilipia mwenyewe. Sare si anavaa yeye?"

Conjesta alitoa pingu kiunoni, akaziweka juu ya karatasi zilizosainiwa. "Hizi nafanyia kazi kila siku, mama. Sikuzinunua. Nilipewa."

Matroni alizitazama pingu kama mtu anayetazama kiatu chenye matope juu ya kitanda chake. "Wewe unafanya kazi serikalini. Hapa hatulei watu. Asiyelipa hapati kitu, hata msumari wa kutundikia koti."

"Jumla yake?"

"Laki nane na nusu."

Conjesta alijua mishahara ya hospitali za watu binafsi. Hiyo ilikuwa zaidi ya miezi miwili ya kufanya kazi bila kula wala kulipa pango.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mhudumu wa usafi, mwanamume wa makamo aitwaye Alfonsi, aliingia na chupa ya chai. "Mama Jasmine, chai yako hii hapa. Na wale mabinti wapya wamefika, nimewaweka kwenye benchi."

"Wasubiri," matroni alijibu. "Na nikiwa na mgeni niite matroni."

Conjesta alipotoka ofisini aliwakuta mabinti wenyewe kwenye benchi la korido, wanne, wamejikunyata kwa baridi, kila mmoja na begi lake la nguo miguuni. Waliinuka wote kwa pamoja wakamwamkia. Walidhani ndiye wa kumlipa. Mkabala nao ulikuwa mlango wa chumba cha makabati, na juu yake tangazo kubwa lenye mhuri. Conjesta alilisoma, akalipiga picha kwa simu, akaenda zake getini.

Mlinzi wa geti alikuwa na jambo la kumwambia, na alilisema kwa raha ya mtu asiyempenda anayemsema. Jumatatu alasiri, Denis wa stoo alitoka kwa geti la nyuma amekumbatia mfuko kifuani. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akakimbia kuelekea sokoni.

Denis ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya dawa. Jalada lilikuwa halimtaji popote, na Conjesta alimlaani kimoyomoyo aliyeliandika. Alimsaka soko zima. Alimkuta nyuma ya vibanda vya viazi, kwa fundi cherehani, mfuko ule ule ukiwa magotini. Denis alipoona kitambulisho cha polisi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Fungua mfuko."

"Afande, nakuomba..."

"Fungua."

Ndani kulikuwa na suruali mbili za bluu na mashati mawili, moja jipya, jingine limekatwa halijashonwa. Conjesta alikung'uta mfuko. Hakukuwa na dawa, wala kichupa, wala sindano.

"Ndiyo nini hiki?"

"Sare." Denis alikuwa karibu kulia. "Pale hospitali wanatuuzia bei ya ng'ombe. Huyu fundi ananishonea kwa kitambaa kile kile, kwa robo ya bei. Ukikamatwa na sare ya nje unafukuzwa siku hiyo hiyo. Usiniseme, afande. Nina watoto."

Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, kwa hasira, bila kuinua macho. "Watu wazima wanaficha nguo kama bangi," alisema. "Nchi hii."

Conjesta alimrudishia mfuko. Aliona aibu kidogo, na aibu ilimfanya awe mkali zaidi. "Jumatatu nani mwingine aliingia stoo?"

"Mimi nilikuwa nimetoka kuja huku. Lakini matroni ana ufunguo wake. Za stoo zote anazo."

"Na ufunguo wa kabati lako?"

"Lipi? Mimi sijamaliza malipo. Natundika koti kwenye msumari wangu niliokuja nao toka nyumbani."

"Erica?"

"Yeye alikuwa na ndoo. Vitu vyake vyote aliweka kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya sinki. Tulikuwa tunamtania, mama ntilie."

Mahabusu ya kituo ilikuwa na dirisha moja la nondo lililoingiza upepo wote. Erica Mlowe aliletwa kaunta akiwa peku, kitenge kimefungwa juu ya gauni jeupe la kazi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na macho yake yalimpima Conjesta juu hadi chini pasipo heshima yoyote.

"Na wewe umekuja kuniuzia nini?"

"Sijaja kukuuzia kitu."

"Tangu nimalize chuo kila anayekuja kwangu ana kitu cha kuniuzia. Vipimo vya afya nilikuja navyo vya hospitali ya serikali, vina mhuri. Wakavitupa. Wakanipima upya kwenye maabara yao, damu ile ile, bei mara tatu."

Conjesta alimwomba konstebo daftari la vitu vya mahabusu, akasoma alivyokutwa navyo siku ya kukamatwa. Simu, leso, saa ya kuhesabia mapigo. "Ufunguo wako wa kabati uko wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Wa kabati la tisa."

"Sijawahi kupewa ufunguo. Hilo kabati nalijua kwa namba tu."

"Kwa sababu hukulipa."

"Baba alilipa." Sauti ya Erica ilipanda. "Aliuza shamba lake la miti akalipa. Matroni akawa ananizungusha, mara mhasibu hayupo, mara kesho. Jumatatu asubuhi kwenye kukabidhiana zamu nikamuuliza mbele ya wote. Nikasema, kama baba amelipa, nipe risiti na ufunguo. Kama hajalipa, niambie miti ya baba imekwenda wapi. Alicheka. Jioni nikaletwa hapa."

"Mbona haya hayamo kwenye maelezo yako?"

"Aliyeandika alisema niende moja kwa moja kwenye dawa." Erica alijifuta pua kwa kiganja. "Afande, mimi nikisomewa shtaka la wizi wa dawa, leseni yangu ya uuguzi imekwenda. Hata nikishinda kesi, nani atanipa chumba cha wagonjwa? Kesho ndiyo mwisho wangu. Kwa hiyo kama umekuja kupoteza muda, kapoteze kwingine."

Conjesta hakukasirika. Angekuwa yeye, angesema mabaya zaidi.

Alipiga simu Njombe kabla ya kuwasha pikipiki. Basil alimsikiliza nusu. "Nilikutuma ufunge jalada, Haule."

"Nalifunga, afande. Nahakikisha tu nani yumo ndani."

"Kesho saa tatu."

"Ndiyo, afande."

Alipofika Kichiwa, kijijini kwa akina Erica, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mahindi. Nyumba ya Mzee Amon Mlowe ilikuwa ya tofali za kuchoma, na nyuma yake, mahali palipotakiwa kuwa na miti, palikuwa na mwanga mwingi mno. Ekari nzima ya visiki. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika kwenye mikato, na harufu ya miti ya misindano ilikuwa kali hata pikipiki ilipozimwa. Mzee mwenyewe, mzee wa usharika mwenye koti la sufu, alikuwa amekaa juu ya kisiki kimojawapo.

"Kamwene, baba," Conjesta alimsalimu.

"Kamwene." Salamu ilitolewa kwa sababu salamu hainyimwi mtu. "Mmekuja kuchukua visiki?"

"Nimekuja kuuliza kuhusu miti."

"Miti haipo. Binti hayupo. Umechelewa."

Conjesta alikaa kisiki cha pili bila kukaribishwa. Ilikuwa siku yake ya kukaa bila kukaribishwa. "Mimi ni mtu wa Ludewa, baba. Nyumbani hatuuzi miti ikiwa michanga hivi mpaka pawe na msiba."

Mzee alikisugua kisiki kwa kiganja. "Huu ulikuwa msiba wenye barua ya ajira. Niliipanda mwaka Erica alioanza chekechea. Kila mtoto wangu ana shamba lake. Hapa kwetu ndiyo benki. Ilibaki miaka michache ipasuliwe mbao. Barua ikasema asipolipa ndani ya wiki nafasi anapewa mwingine."

"Ukatafuta mnunuzi."

"Sikutafuta. Alikuja." Mzee Amon alionyesha njia kwa fimbo. "Barua tuliisoma jana yake usiku, mimi na Erica, hata mama yake tulikuwa hatujamwambia. Asubuhi gari likasimama pale. Mtu akaniambia, nimesikia una binti Mlima Tulivu na una miti. Akanitajia bei mguu mmoja ukiwa bado garini. Nikamwambia, bwana, ingia kwanza shambani uitazame. Akasema haina haja."

Conjesta aligeuka akamtazama vizuri. Alikuwa amekua akiwaona wanunuzi wa miti. Mnunuzi wa kweli akija anatembea shamba zima, anapima unene kwa kamba, anaguna, analalamikia mafundo, anasema miti imepinda hata kama imenyooka kama mshumaa, anaondoka, anarudi kesho. Bei ndiyo neno lake la mwisho. Mnunuzi anayetaja bei kabla ya kuiona miti hakuja kununua miti.

"Bei gani, baba?"

"Laki nane na nusu."

"Ekari nzima?"

"Nilijua nadhulumiwa. Usinitazame hivyo. Nilijua."

"Sikutazami vibaya, baba. Hela ulizishika?"

"Hapana. Alisema pale hospitali anafahamiana nao, atalipa yeye mwenyewe, nisihangaike na nauli. Balozi wa nyumba kumi alishuhudia. Nikaweka dole gumba. Siku hiyo hiyo wakaja na misumeno."

"Jina lake?"

"Hakusema. Dereva wake alikuwa anamwita Baba Jasmine."

Conjesta aliinuka. Asubuhi ile ile alikuwa ameketi mbele ya Mama Jasmine, akisikiliza habari za utaratibu. Hasira ilimpanda hadi masikioni, na hakujaribu kuificha. Wazazi wanaitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza tangu enzi na enzi, na wanaoitwa hivyo huzoea hadi wasisikie tena. Getruda alimkaripia Alfonsi kwa kukosa adabu. Kumbe alikuwa na sababu nyingine.

"Mzee wangu, usiuze kitu kingine chochote," alisema. "Hata kuku. Mtu akija, mwambie asubiri."

Lakini majina ya watoto hayatoshi mahakamani. Akina Jasmine ni wengi. Conjesta alirudi Makambako, akauliza kwa waendesha bodaboda yard ya mbao ya Baba Jasmine, akaelekezwa na wa kwanza tu, kando ya barabara kuu. Alivua koti la kazi, akajifunga kanga kichwani, akaingia kama mama anayejenga.

Msimamizi wa yard aliitwa Haruni, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, na alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

"Bosi hayupo, mama. Kaenda kumchukua mkewe hospitalini. Matroni mkubwa pale Mlima Tulivu. Wewe unataka mirunda ya kujengea au mbao?"

"Nataka za bei nafuu."

"Basi njoo." Alimpeleka nyuma, ambako magogo membamba yalikuwa yamepangwa kwa mafungu. Kila fungu lilikuwa na jina la kijiji kwa rangi nyekundu kwenye vichwa vya magogo. Conjesta alisoma Kichiwa. Akasoma Matamba. Akaendelea kusoma hadi mwisho wa uzio. "Hizi tunaziachia kwa bei ya kutupwa. Hii ni miti ya manesi."

"Manesi wanauza miti?"

Haruni alicheka. "Ni utani wa bosi. Mkewe kila akipokea manesi wapya, sisi huku tunanoa misumeno. Mama anamwambia nani katoka kijiji gani, wazazi wana nini. Bosi anaenda. Akikosa miti anarudi bila kitu, lakini kwa mkoa huu nani hana miti?"

Conjesta alipiga picha fungu moja moja. Haruni alikuwa bado anacheka alipoona kitambulisho. Alikaa chini juu ya fungu la Kichiwa, akavua kofia.

"Mimi mwajiriwa tu, mama."

"Hata wao walikuwa wanatafuta kuwa waajiriwa tu," Conjesta alimjibu. "Utayarudia hayo kituoni, neno kwa neno."

Alipoingia tena ofisini kwa matroni alikuwa na konstebo wawili nyuma yake. Mwanamume mnene mwenye jaketi la ngozi alikuwa amekaa kwenye kiti alichonyimwa yeye asubuhi, ameshika kikombe cha chai. Hita ilikuwa imegeuzwa imwelekee.

"Swali moja tu, matroni, halafu nakuacha. Erica Mlowe alilipa au hakulipa?"

"Nimeshakwambia. Hakulipa."

"Hata senti?"

"Hata senti. Ndiyo sababu aliiba."

"Vizuri." Conjesta alitoa simu, akaiweka mezani. Kwenye kioo lilionekana tangazo la mlango wa makabati. "Nisomee hili. Mimi macho yananisumbua."

Matroni hakusoma. Conjesta alisoma kwa sauti ya kusikika hadi koridoni. "Ni marufuku mfanyakazi mpya kupewa ufunguo wa kabati kabla ya kukamilisha malipo yote. Hakuna msamaha. Limesainiwa na wewe, na mhuri wako." Alinyoosha kidole kwenye ubao wa funguo ukutani. "Namba tisa ule pale. Bado umefungwa waya wa dukani. Haujawahi kutoka kwenye huo msumari. Basi niambie, binti asiye na ufunguo aliwezaje kuficha dawa ndani ya kabati na kulifunga kwa kufuli?"

Mabinti wanne wa benchi walikuwa wamesogea hadi mlangoni, na konstebo hakuwafukuza.

"Labda..." Matroni aliutazama ubao wa funguo. "Nimekumbuka. Mzazi wake alilipa. Wiki iliyopita. Nilimpa ufunguo kwa mkono, ule wa ukutani ni mwingine."

"Ahaa. Alilipa."

"Alilipa, ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi hakuwa anadaiwa. Aliiba ili alipe nini?"

Hapo ndipo Getruda Sanga alipoelewa alipokanyaga. Alifungua mdomo, akamgeukia mwanamume wa jaketi la ngozi.

"Getruda, nyamaza," mwanamume alisema.

"Wewe ndiye Methusela, Baba Jasmine," Conjesta alimwambia. "Nimetoka yard kwako. Haruni ndiye aliyenipa jina lako, na yuko kituoni anaandikisha maelezo, na ni mtu wa maneno mengi. Mzee Amon anakusalimu. Anauliza ulijuaje bei ya ekari yake kabla hujashusha mguu wa pili."

Methusela aliweka kikombe chini polepole. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshazoea kununua. "Sajenti, tumalizane hapa hapa. Wewe ni mtu mzima. Sema unahitaji nini."

"Nahitaji ufunguo wa akiba wa kabati la tisa. Uko mfuko wa kulia wa sweta la mkeo. Asubuhi alikuwa anaushikashika nilipomuuliza."

Matroni alitia mkono mfukoni, akautoa, akauweka juu ya meza karibu na kalamu yake ya bluu. Mmoja wa mabinti mlangoni, ambaye begi lake lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, alisema kwa sauti ndogo iliyosikika chumba kizima, "Juzi kuna mtu alikuja kwetu kuulizia miti." Kisha akainama, akabeba begi lake, akatoka, na wenzake watatu wakamfuata.

Basil alipopigiwa simu aliuliza tu kama maelezo ya Haruni yamesainiwa. Yalikuwa yamesainiwa.

Kaunta ya kituo ilikuwa imejaa upepo na watu. Erica alikuwa anavaa viatu vyake vyeupe, anafunga kamba kwa utulivu wa mtu anayefunga jeraha. Hakumshukuru Conjesta, na Conjesta hakusubiri ashukuriwe.

"Hakuna shtaka juu yako," alimwambia. "Leseni yako haitaguswa. Nimeandika mwenyewe."

"Na miti ya baba?"

Conjesta angeweza kumwambia habari za fidia, mahakama na subira. Alikuwa na maneno hayo yote. "Imeshakatwa," alisema. "Siwezi kukudanganya. Tutawadai, lakini imeshakatwa."

Erica alikaza kamba ya kiatu cha pili. "Angalau wewe umesema."

Wakati huo Getruda Sanga aliletwa kutoka chumba cha maelezo. Alikuwa ameshavuliwa viatu, saa na hereni, na konstebo alikuwa ameshaviandika. Alifika kwenye mlango wa nondo akasimama. Sakafu ya ndani ilikuwa saruji tupu, na dirisha lile lilikuwa linapuliza.

"Humu kuna baridi," alisema, akimtazama Conjesta, kisha konstebo, kisha ukuta. "Mimi nina umri. Hamwezi kuniweka humu. Kuna utaratibu."

Erica aliinuka, akajinyoosha gauni lake jeupe lililochafuka, akapita mbele yake hadi karibu kugusana mabega.

"Ingia tu, matroni," alimwambia. "Huku kuingia hawatozi."